Mche wa Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili na nusu, nyuki wa Atutur bado wamelala,
nalifungua ua la chenza kwa kibano cha nyusi,
nang'oa chavulio moja moja, taratibu,
na mama jikoni anauliza: "Apolot, umeanza tena
kuhasi maua ya watu?"

Nimeanza tena.
Chavua ilitoka Kochi, Japani, ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole,
ikalala siku nne Entebe, mezani pa afisa wa karantini
aliyejaza fomu: *unga wa njano, matumizi hayajulikani.*
Matumizi yake ni haya: nachovya brashi,
naugusa ulimi wa ua mara moja, kama anayeonja chumvi,
nalivika ua mfuko wa karatasi, nafunga uzi.
Ndoa imekwisha. Mashahidi: mimi na mjusi.

Mbegu mia mbili na kumi na mbili.
Hapa ndipo ukoo wa machungwa unapokudanganya:
mbegu moja huzaa pacha, hata watatu kwa mpigo,
na wengi wao hawana baba.
Ni mama mtupu, amejizaa upya bila kumshukuru mtu.
Wiki sita nilipiga magoti kitaluni
nikitafuta jani lenye bawa,
maana yuzu, bwana harusi wetu, ana jani juu ya jani,
kama mtu aliyevaa shati juu ya shati
kwa baridi ya kwao.

Wenye bawa walikuwa kumi na mmoja.
Mbuzi wa Okurut walikula watatu, na miba yao.
Kiangazi kilichukua wanne, jerikani ziko tupu foleni ya kisima.
Mmoja nilimuua mimi, kwa mbolea. Tusiongee.

Waliobaki nikawabebesha.

Lugha ilikuwa imekwisha kuliona jambo hili:
unaukata mlimau shingoni, mlimau mkali wa kienyeji
usioogopa jua wala mchwa,
unaupasua, unaupa mgongoni mtoto wa mwingine,
unakaza utepe wa nailoni,
na kwa siku ishirini na moja hujui
kama utambeba au utamwacha akauke.

Mama aliye jikoni si aliyenizaa.
Nilifikishwa kwake nina miezi saba,
mwaka ule ng'ombe wa Teso walipoondoka wote.
Hakuna aliyeuuliza mgongo.

Mwaka wa nne, mmoja alizaa sifongo.
Wa pili alizaa uchachu uliowafanya kuku watikise vichwa.
Na arobaini na moja
alizaa matunda sita, mabonge, ngozi ya chura,
ya kijani.
Nikasubiri. Ya kijani.
Nikapiga simu Kochi. "Subiri baridi," wakasema.
Baridi gani?
Usiku wa hapa hata shuka ni mzigo.

Sokoni Kumi mama mmoja alilibonyeza, akalirudisha:
"Utaniuzia likishaiva."
Lilikuwa limeiva wiki mbili.

Basi nikalichana ganda kwa ukucha, hapo hapo penye meza yake,
na harufu ikatoka kama habari:
si ndimu, si danzi, si chenza,
kitu cha mbali kilichojua njia ya hapa.
Watu wawili waligeuka. Mmoja alikuwa anakimbilia basi.

Jioni mama alilikamua juu ya samaki wa Bisina,
akaonja, akanyamaza, akaongeza atapa kwenye sahani.
"Anaitwa nani?"
"Arobaini na moja."
"Hilo si jina, hiyo ni foleni."

Kisha akaokota mbegu kwenye mabaki, kumi na saba,
akazifuta kwa pindo la gauni, akazitia kwenye kopo la chumvi
azipande nyuma ya choo, mvua ikija.
Sikumwambia kwamba wengi humo
watatoka mama mtupu.